Mstari Uliolala Usoke

Harith amefariki Muscat, akazikwa hukohuko siku ileile, na sisi wa Tabora tukabaki na kisomo tu. Nilikwenda nyumbani kwao Mtendeni alasiri ya siku ya tatu. Wanawake tulikaa chumba cha ndani, mkekani, tukapewa kahawa chungu na tende. Dada yake akaniuliza, kwa upole wa mtu anayetafuta mazungumzo yasiyo ya msiba, kama ni kweli kwamba mwaka ule mimi na marehemu tulikuwa tukicheza mchezo wa vita kutwa nzima. Nilimwambia ni kweli. Nilitaka kuongeza kwamba hatukuwa tukiucheza, tulikuwa tukiutengeneza upya, na kwamba katika vita yote ile kilichotushughulisha hakikuwa bunduki, zilikuwa treni. Lakini mama mmoja alianza kusoma dua, nikanyamaza. Maneno niliyoyameza pale nimerudi nayo nyumbani, na ndiyo haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo yangu hayakunifikisha popote, na baba yake Harith, Bwana Seif, alikuwa ameniajiri kupiga chapa na kutoa fotokopi katika chumba chake cha kompyuta. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka lao la vifaa vya ujenzi, katika nyumba ya zamani yenye kuta nene za udongo. Hata Oktoba, mji mzima ukiungua kwa jua, mle ndani mlibaki baridi kama ndani ya mtungi. Kulikuwa na harufu ya saruji na rangi ya mafuta kutoka dukani, na kutoka uani kwao ilikuja harufu ya vitunguu na udi, zikakutana juu ya meza yangu. Tulikuwa na kompyuta tatu. Mbili zilikuwa za wateja, ya tatu ilikuwa ya Harith, na yeye alikuwa pale kila siku kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Alizaliwa na selimundu. Alikuwa ameacha chuo Dar es Salaam baada ya kulazwa mara tatu katika muhula mmoja, akarudi nyumbani na begi la vitabu, na macho yake yalikuwa na umanjano kidogo ambao ukimzoea ulikuwa huuoni tena. Siku za maumivu alifunga mto kitini, akakaa kimya, akibonyeza kwa kidole kimoja. Siku nzuri alizungumza bila kukoma. Leo nikiwa na umri wangu huu na watoto wangu wawili wakubwa, nikijiuliza nilijifunza wapi kukaa na mtu bila kumuuliza kila saa kama anaumwa, jibu ni katika chumba kile.

Mchezo wenyewe alikuja nao kutoka Dar kwenye sidii iliyokwaruzwa. Ulikuwa mchezo wa vita wa kupanga mikakati: unapewa ramani, viwanda na majeshi, unashambulia na kushambuliwa. Harith aliucheza hadi akauchoka, kisha akagundua kwamba mafaili yake ya ndani yalikuwa maandishi tu, namba na majina, na mtu mwenye subira angeweza kuyabadilisha. Akaanza kuchora ramani yetu: reli kutoka pwani hadi Tabora, pale inapogawanyika moja kwenda Mwanza na moja Kigoma, na Kaliua ambako tawi la Mpanda linachomoka. Kilichomkera ni jinsi mchezo ulivyozichukulia treni. Ukishachora reli tu, chakula na risasi vilifika popote papo hapo, kana kwamba vimepulizwa. “Huu ni uongo, Tausi,” aliniambia. “Mimi nimepanda treni kutoka Dar nikalala njiani siku mbili. Jeshi langu linapataje mahindi kwa dakika moja?” Akaamua atatengeneza treni za kweli, na mimi, ambaye sikuwa na wateja wengi mchana, nikawa mwandishi wake. Umeme ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, tulitandika karatasi mkekani tukaendelea kwa penseli.

Mzee Kulwa aliingia kuchapiwa kadi za harusi ya binti yake wa mwisho. Alikuwa mrefu, shati amelifunga vifungo hadi shingoni, na alisimama wima nyuma ya kiti cha Harith akitazama kioo kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

“Hiyo ni nini?” aliuliza.

“Shikamoo mzee. Ni treni ya jeshi, inapeleka chakula Mwanza.”

“Marahaba. Imebeba mabehewa mangapi?”

“Thelathini.”

“Na hapo stesheni, njia ya kupishania inaingia mangapi?”

Harith hakuwa na habari kwamba njia ya kupishania ina urefu. Mzee alijijibu mwenyewe. “Tuseme ishirini na mawili. Sasa nyingine inakuja mbele yako, reli ni moja, inabidi uingie pembeni uipishe. Hayo manane ya mkiani utayaweka wapi? Mfukoni?”

Harith alicheka hadi akashika mbavu. Alimvutia mzee kiti, na kadi za harusi nilizimaliza peke yangu. Siku ile tulijua kwamba Mzee Kulwa alikuwa kontrola wa treni kwa miaka zaidi ya ishirini, yule mtu anayekaa ofisini Tabora na simu sikioni, anayeamua treni ipi ipite na ipi isubiri kwenye reli yote. Alistaafu bila kupata mtu wa kumweleza kazi hiyo ilikuwaje. Akaanza kuja kila asubuhi.

Alitufundisha kuchora grafu. Kwenye karatasi pana, saa za siku zinakwenda kulia, stesheni zinapangwa chini kwenda juu, na kila treni ni mstari wa penseli. Inayokwenda, mstari wake unapanda au unashuka. Iliyosimama, mstari wake unalala. Mahali mistari miwili inapokatana lazima pawe stesheni, maana ikikatana katikati ya njia, umeua watu. Nilikuwa na mkono mtulivu kuliko Harith, ambaye vidole vilimvimba, kwa hiyo kuchora kukawa kazi yangu, na sikumbuki kitu chochote cha shuleni kilichowahi kunipa raha kama ile ya kuona siku nzima ya reli imetulia kwenye karatasi bila mistari kugongana. Siku tulipoijaribisha vita yetu kwa mara ya kwanza, kwa wiki moja ya mchezo kila kitu kilikwenda vizuri, kisha Tabora ikakauka. Maghala yalijaa, askari walikuwa na njaa, na hakuna kilichosogea. Harith alitafuta kosa asubuhi nzima. Mzee alikuja, akatazama, akaketi, akafuta miwani.

“Mabehewa yako yako wapi?”

“Mwanza, mzee. Yamefikisha mzigo.”

“Yote?”

“Yote.”

“Na yatarudi na nani?” Alitungoja tuelewe. “Watu wote wanaliona behewa lililojaa. Kontrola anatafuta lililo tupu. Tupu lisiporudi leo, kesho huna cha kupakilia, vita yako imekwisha.”

Jumamosi tulikula kwake, nyuma ya stesheni, nyumba ya vyumba vitatu yenye ua uliofagiliwa hadi mchanga ukawa na mistari ya fagio. Mke wake, Bi Mwajuma, alikuwa mfupi, mwepesi wa mguu, na alipika ugali na mlenda wa karanga, na migebuka mikavu, samaki wa Kigoma, aliyoikaanga kwanza kisha akaichemsha kwenye nyanya. Harith alikula kwao vyakula vya kila namna, lakini kwa Bi Mwajuma aliongezewa mara mbili na hakukataa. Tulipokuwa barazani na karatasi zetu tulimsikia jikoni akiwaambia majirani, kwa sauti aliyojua inatufikia, “Mume wangu kapata kazi mpya. Anaendesha treni ambazo hazipo. Na bado anachelewa kula.” Wanawake walicheka, na Mzee Kulwa akatabasamu kwenye karatasi bila kuinua kichwa. Niliwaona ni watu waliokwishamaliza kugombana miaka mingi iliyopita. Nilikuwa kijana, nilidhani kimya cha namna ile kina sababu moja tu.

Harith ndiye aliyeomba siku ya kweli. Alitaka tuijaribishe mashine yetu kwa jambo lililowahi kutokea, tuone kama treni zetu zitafika saa ambazo treni zilifika. “Mzee, tupe siku moja ya wakati wa vita ya Kagera. Yoyote unayoikumbuka.” Mzee Kulwa akaanza kunitajia. Nilitegemea kumbukumbu za jumlajumla. Alichonipa kilikuwa siku nzima, dakika kwa dakika: mzigo wa jeshi ulikuwa Tabora ukingoja kupelekwa Mwanza, mabehewa hayakutosha, na treni ya mabehewa matupu ilikuwa njiani kutoka Kigoma kuja kuuchukua. Mbele yake, kwenye reli hiyohiyo, ilikwenda treni ya abiria, ya polepole, inayosimama kila mahali. Kwa hiyo ile ya abiria iliwekwa pembeni Usoke ili matupu yaipite. Nilichora. Mstari wa abiria ukafika Usoke ukalala, nikaendelea kuuvuta, nikauvuta, hadi nikadhani nimekosea.

“Hapa imesimama masaa manne na zaidi, mzee. Ni sawa?”

“Manne na robo.”

“Unakumbukaje?” Harith aliuliza.

Mzee aliangalia mlango wa kwenda dukani, kama kuna mtu. Halafu akatuambia. Mke wake alikuwa ndani ya treni ile. Alikuwa kwa mama yake Kaliua, mimba ya kwanza, uchungu ukamjia mapema kuliko siku zake, wakampandisha treni aje hospitali Tabora. Yeye ofisini hakujua. Alipotoa amri abiria washikiliwe Usoke, alijua ni treni tu. Saa ya pili ya kusubiri, stesheni masta wa Usoke alimpigia: Kontrola, mkeo yuko hapa na hali yake si nzuri. Wakati huo matupu yalikuwa yamesimama Urambo, hayajaondoka. Angeweza kuyazuia Urambo na kuwaachia abiria waje. Alikuwa na dakika kumi za kuamua.

“Nikajiuliza,” alisema, “kama angekuwa mke wa mtu mwingine ningefanya nini. Nikayaachia yaje.”

Mtoto alizaliwa hukohuko Usoke, akaishi muda mfupi, akafa. Bi Mwajuma alipofika Tabora kesho yake, Mzee Kulwa alimwambia siku ile hakuwa zamu. “Mpaka leo anajua hivyo,” alisema. “Nimewaambia nyinyi kwa sababu mmetaka grafu iwe ya kweli. Isitoke humu.”

Harith hakuliacha jambo lile. Siku mbili baadaye aliitembeza siku ile katika mchezo kwa namna nyingine: matupu yazuiwe Urambo, abiria wapite. Aliniita mezani kwake akanionyesha. Matupu yangechelewa Tabora kwa saa mbili tu, na kwa kuwa Mzee mwenyewe alitutajia kwamba mzigo ulichelewa kufungwa hadi jioni, saa zile mbili zisingeharibu kitu. “Wangepita, Tausi. Wangepita na jeshi lisingejua.” Nilimsihi asimwambie. Nilimwambia mzee wa watu hana la kufanya na habari hiyo. Harith alisema mtu aliyekaa na jambo miaka zaidi ya ishirini ana haki ya kujua uzito wake. Tulibishana kwa kunong'ona hadi mteja akaja kudai fotokopi zake, na ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kugombana. Alimwambia. Asubuhi iliyofuata, hata kabla Mzee Kulwa hajavuta kiti, Harith alimwambia yote, taratibu, kwa heshima, uso wake umekwajuka kwa maumivu ya siku ile. Mzee alisikiliza akiwa amesimama.

“Mchezo wako unajua mzigo haukuwa tayari,” alisema mwishowe. “Mimi ile saa niliambiwa uko tayari. Niliambiwa wanangoja mabehewa tu.” Alikaa. “Lakini nilijua jioni ileile, mwanangu. Hukuniambia kipya.” Kisha akaweka mkono begani kwa Harith, akauacha pale muda, na nikaona kwamba katika wawili hao aliyekuwa akifarijiwa ni Harith.

Baada ya hapo Harith aliibadilisha kazi yake yote. Alifuta uwezo wa mchezaji kuona ramani nzima. Ukawa unakaa na kioo cheusi, na unajua tu kile ambacho stesheni zimekupigia simu kukuambia, kingine cha kweli, kingine si cha kweli. Ulikuwa mchezo mgumu usiopendeza, na hakuna mtu mwingine ambaye angeucheza. Nimefanya kazi ya kupanga treni maisha yangu yote tangu wakati ule, na sijaona chochote kilichofanana na kazi yenyewe kama chumba kile cha giza alichokitengeneza kijana asiyewahi kuingia ofisi ya reli.

Jumamosi moja, umeme umekatika mji mzima, tulikuwa barazani kwa Mzee Kulwa na karatasi zetu. Yeye alikwenda msikitini, adhuhuri. Harith alikuwa amejinyoosha mkekani, goti linamuuma. Mimi, kwa uzembe ambao hadi leo unanichoma, nilikuwa nimeileta grafu ya siku ile pamoja na nyingine, na upepo ukapindua za juu. Bi Mwajuma alikuja na sinia la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga za kukaanga. Alisoma hadi darasa la saba, na alikuwa ameolewa na reli miaka yote hiyo. Aliinama aweke sinia, hakuliweka.

“Hii ni ya Kigoma?”

“Ndiyo, mama.”

Kidole chake chenye unga kilipanda juu ya majina: Kaliua, Urambo, Usoke. Kikatulia. “Na huu uliolala?”

“Ni treni iliyosimama.”

“Muda gani?”

Nilimtazama Harith, naye amekwishainuka kwa kiwiko, na nilijua kwamba nikisema uongo hapo nitakuwa nimeingia katika uongo ulio kati ya watu wawili walionilisha. Nikasema, “Muulize mzee, mama.” Hayo maneno yalikuwa jibu tayari. Aliweka sinia, akafuta unga uliobaki kwenye karatasi kwa ncha ya kanga, akarudi jikoni. Tulimsikia akitwanga kisamvu. Alitwanga hata kilipokwisha kulainika.

Mzee Kulwa aliporudi tulitaka kuondoka. Bi Mwajuma alitoka jikoni akasema, “Kaeni. Chakula kiko tayari. Na hili mmeshalijua, kwa nini mkimbie?” Aliketi kwenye kigoda, mbali kidogo na mumewe, akikunjakunja ncha ya kanga.

“Baba,” alimwambia. Alimwita hivyo siku zote. “Siku ile mimi nilikuwa nimelazwa kwenye benchi, chini ya dirisha la stesheni masta. Simu yake ilikuwa na sauti kubwa, unazijua zile. Nilisikia mtu anasema, abiria washikilie hapohapo. Uliponiambia hukuwa zamu, nilikuwa nimekwishaisikia sauti yako.”

Mikono ya mzee ilikuwa juu ya magoti, wazi.

“Nilikuachia uongo wako kwa sababu niliona umeuhitaji. Kitu kimoja tu sijakijua mpaka leo, maana walinihamishia kwa mama mmoja mwenye nyumba ya jirani. Stesheni masta aliniambia atakupigia akwambie ni mimi. Alikupigia?”

Ilikuwa ni rahisi sana kusema hapana. Stesheni masta yule alikuwa amekufa zamani. Grafu haionyeshi simu, inaonyesha treni tu. Nilimwona Mzee Kulwa akiangalia karatasi, akituangalia sisi, kisha akamwangalia mkewe usoni.

“Alinipigia.”

“Matupu yalikuwa yamekwishaondoka Urambo?”

“Yalikuwa bado.”

Bi Mwajuma alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, kama mtu anayeweka chini kitu alichokibeba mbali. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. “Basi,” alisema. “Nilitaka niyasikie kwa mdomo wako.” Kisha akainuka, akaleta maji ya kunawa, akaanza kumnawisha mumewe kwanza, mikono yote miwili, kwa muda mrefu kuliko kunawa kunavyotaka.

Kwa wiki tatu Mzee Kulwa hakuja Mtendeni. Nilijilaumu, Harith alijilaumu, na kila mmoja alimwambia mwenzake si kosa lako. Siku moja mlango wa dukani ukafunguka akaingia Bi Mwajuma mwenyewe, amevaa baibui lake la kwenda mbali. Alikataa soda. “Tunakwenda Usoke Alhamisi,” alisema. “Yeye hajawahi kushuka pale, tangu wakati ule. Anasema nyinyi mje. Nadhani anaogopa kwenda na mimi peke yangu.” Harith hakuwa na ruhusa ya kusafiri. Bwana Seif alikataa, mama yake akalia, kisha akamfungia halua na blanketi akamwacha aende.

Treni iliyotakiwa kuondoka jioni iliondoka asubuhi iliyofuata, kwa hiyo tulisafiri mchana. Mzee Kulwa alikaa dirishani akitaja kila njia ya kupishania kabla hatujaifikia. Tulipokaribia Usoke akaacha kutaja. Kwenye jukwaa kulikuwa na kina mama wanaouza asali kwenye chupa, na Bi Mwajuma alikwenda moja kwa moja kwa mmoja aliyekuwa mzee sana, akapiga goti kumwamkia. “Mwangaluka, mayo.” Yule bibi alimshika uso, akamtazama, akaanza kusema Kinyamwezi haraka kuliko nilivyoweza kufuata. Ndiye aliyempokea mtoto. Alituongoza nyuma ya ghala, pembeni ya shamba la tumbaku, akahesabu hatua kutoka kona ya ukuta, akasimama. Hapakuwa na jiwe wala alama. Majani yalikuwa yamekatwa. Bibi alisema huyakata kila masika, kwa sababu ukimpokea mtoto, ni wako kidogo.

Mzee Kulwa alichuchumaa, kisha akaketi kabisa kwenye udongo. Alisoma Fatiha. Alipomaliza akauliza, bila kugeuka, “Ulimpa jina?”

“Nilimpa.”

“Hukuniambia.”

“Hukuniuliza.”

Bi Mwajuma alijikunja kando yake, akalitia jina lile sikioni mwake, kwa kunong'ona. Sisi hatukulisikia, na hatujawahi kulijua. Harith alikuwa amejiegemeza begani kwangu kwa sababu ya goti lake, au alisema ni kwa sababu ya goti. Mwezi uliofuata ndugu zake walimchukua Muscat kwa matibabu. Mchezo wetu ulibaki kwenye kompyuta ile hadi ilipokufa, na hatukuonana tena isipokuwa kwa simu za Idi. Mzee Kulwa ndiye aliyenipeleka kwa mkono wake kuomba kazi ninayoifanya hadi leo. Yeye na mkewe nao wamekwishatangulia, yeye kwanza, mke baada ya miezi michache. Lakini nikiwafikiria wote watatu siwafikirii kaburini. Nawaona kwenye jukwaa la Usoke alasiri ile, tukingoja treni ya kurudi, ambayo ilitakiwa kupita saa nane na hadi saa kumi haikuwa imeonekana.

Mzee Kulwa hakuwahi kuwa abiria anayesubiri. Alisimama, akatembea hadi mwisho wa jukwaa, akarudi. Alikwenda mara mbili kwenye dirisha la stesheni masta na mara zote mbili alirudi kabla hajafika. Mara ya tatu aliporudi, Bi Mwajuma alisogeza kikapu chake kwenye benchi ili apate nafasi.

“Kaa, baba,” alimwambia. “Itakuja.”

Akaketi. Bi Mwajuma alimmenyea chungwa, akampa nusu, akatugawia sisi nusu nyingine. Tulikula tukitazama reli, watu wanne wamekaa kwenye benchi moja, na hakuna aliyeuliza tunampisha nani.